Mkono wa Magharibi

Karatasi yangu ya mtihani wa majaribio nilirudishiwa Ijumaa, imekunjwa mara nne, na ndani yake kulikuwa na nane. Nane kwa ishirini. Anayetaka bakalorea, cheti cha kumaliza sekondari, anahitaji kumi. Maswali ya zao la nukta, njia ya kwanza ya kuzidisha vekta, niliyapata yote, hata lile la mteremko lililowatoa wenzangu jasho. Maswali ya zao la msalaba, njia ya pili, yenye alama sita, nilipata sifuri safi, na pembeni mwalimu kijana aliyesahihisha alikuwa ameandika kwa wino mwekundu: Hajaelewa kabisa.

Hilo neno "kabisa" ndilo lililonichoma. Angeandika hajaelewa tu, ningenyamaza. Lakini kabisa? Mimi Mialisoa, ninayefunga na kufungua nati mia kwa siku, niambiwe sielewi kabisa hesabu ya kitu kinachozunguka? Nilikunja karatasi ile mara ya tano nikaitia mfukoni mwa ovaroli, nikarudi gereji, na nikampigia kelele kaka yangu Tovo kwa kosa ambalo hata silikumbuki.

Mimi ni fundi wa posiposi hapa Antsirabe, vile vigari vya magurudumu mawili vinavyovutwa na mtu na vile vya kuendeshwa kwa pedali. Tovo anavyo vitatu, kimoja anakivuta mwenyewe, na mimi ndiye ninayevifanya vitembee. Shule niliiacha nikiwa na miaka kumi na saba baba alipofariki. Sasa ninayo ishirini na minne. Chuo cha umeme ninachokitaka hakimpokei aliyetimiza ishirini na mitano, nami naitimiza Novemba. Kwa hiyo mtihani wa Agosti ulikuwa mmoja tu, hauna mdogo wake. Nikifeli, nitabaki kubadilisha matairi hadi mgongo unikatike, na nikisema hivyo simaanishi kwamba matairi ni kazi mbaya. Namaanisha kwamba mimi nimeyachoka.

Mwalimu wangu alikuwa Babu Rabetsara, aliyefundisha hesabu na fizikia miaka thelathini na moja kabla mtoto wa jicho hajamfunika macho yote mawili. Tulijuana gereji. Binti yake Noeline alimleta na baiskeli ya marehemu mkewe, akaniona nina daftari kando ya sanduku la spana, akauliza ni la nini. Nikamwambia. Babu hakuniuliza najua nini katika hesabu. Aliniuliza pedali ya kushoto inafunguliwaje.

"Kinyume na ya kulia, Babu. Nyuzi zake zimechongwa kinyume. Ukiilazimisha kama nati ya kawaida unaikaza tu."

"Njoo Jumanne," akasema.

Nikaenda Jumanne hiyo na Jumanne zote zilizofuata, na Alhamisi pia. Nyumba yake ni ya zamani, ya matofali, iko nyuma ya stesheni ya reli, na mambo ya humo ni ya zamani vilevile. Madirisha yako magharibi. Babu anakaa upande wa kaskazini wa meza, upande wa wakubwa, na mimi nilikaa kusini, nikimtazama, kwa sababu mdogo hapandi kaskazini nyumbani kwa mtu ila awe hana adabu. Humo ndani hakuna kulia wala kushoto. Noeline akitaka nisogeze bakuli huniambia lisogee mashariki. Siku moja tukila wali na kisamvu aliniambia nina punje kwenye shavu la kusini, nami nikaifuta bila kufikiri, maana hata kwetu mama alisema hivyohivyo.

Nilikuwa na swali lililonikera tangu siku ya kwanza. Vekta nilizielewa: ni mshale, una urefu na una mwelekeo, basi. Kuzijumlisha nilielewa. Lakini kwa nini mishale miwili izidishwe kwa njia mbili? Mbili mara tatu ni sita, hakuna sita ya Jumatatu na sita ya Jumanne. Na kwa nini njia moja ikupe namba kavu na nyingine ikupe mshale mpya uliochomoza kusikojulikana? Nilimwambia Babu kwamba aliyebuni mambo hayo alikuwa hana kazi. Akacheka, akaniagiza nije na kaka yangu, posiposi tupu, kamba, na mizani ya ndoano.

Mizani tuliazima kwa muuza nyama. Tovo alikuja akinung'unika kwamba amevuta posiposi miaka kumi na miwili na hajawahi kuzidisha mshale na mshale, na wateja wamefika salama. Barabarani mbele ya nyumba Babu alikaa kwenye kigoda, blanketi mabegani, akaamuru kama jenerali. Kwanza Tovo alivuta kamba ikiwa imelala sambamba na barabara, mizani ikiwa katikati. Magurudumu yalianza kusogea ilipofika kilo kumi.

Kisha akaniambia mimi nipande juu ya ukuta wa bustani, nivute kamba kwa juu, pembe ya nyuzi sitini, na mtu apime pembe kwa uangalifu. Nilivuta. Kumi, haikusogea. Kumi na tano, ikakaa palepale ikinitazama. Nilikunja uso, nikakaza meno, Tovo akiniita Madamu Vekta na kuniuliza kama anilete abiria. Ilisogea karibu na kumi na tisa.

"Ulitarajia ngapi?" Babu akauliza.

Nikafikiri. Kosaini ya sitini ni nusu. Kwa hiyo barabara inapata nusu tu ya ninachovuta. "Ishirini."

"Umepata kumi na tisa. Moja imekwenda wapi?"

Nilisimama juu ya ukuta huku viganja vinawaka moto, nikaona kabla hajanisaidia. Kamba ilikuwa inainua gari kidogo, kwa hiyo magurudumu yalikandamiza barabara kidogo kuliko mwanzo. Nikamwambia. Alifurahi sana, akapiga goti lake kwa kiganja. Akasema zao la nukta ni swali moja tu: katika nguvu zako zote, njia unayokwenda imepata kiasi gani? Ukivuta sambamba imepata zote. Ukivuta kutoka pembeni, mraba kabisa, yaani kwa pembe ya nyuzi tisini, haijapata kitu, hata ukivuta mpaka mishipa itoke shingoni. Na ukishuka mteremko huku unaegemea nyuma kulizuia gari, jibu ni hasi, kwa sababu wewe na njia mnavutana. Jibu ni namba kavu kwa sababu kiasi hakielekei popote.

Tovo alikuwa ameacha kunung'unika. Alishika mipini ya posiposi, akaiinua juu kama wanavyofanya wavutaji wageni wa kazi, kisha akaishusha hadi kiunoni, kisha akaiinua tena. "Kumbe ndiyo maana wageni wanachoka haraka," akasema.

Zao la msalaba lilikuja wiki mbili baadaye. Babu aliweka mezani ubao wenye bolti iliyosimama wima, nati, na spana. Akaniambia niisukume spana kwa urefu wake, kuelekea kwenye nati. Nikasukuma. Hakukutokea kitu. Kisha niisukume mraba. Ikazunguka. Akasema hapa tunauliza swali la pili: katika nguvu zako, kiasi gani kimepishana na spana, na huko kupishana kunageuza nini, kuelekea wapi? Nati inapanda bolti au inashuka? Ndiyo maana jibu ni mshale. Mshale huo unasimama kwenye bolti, mraba na spana, mraba na msukumo, na usipojua unaelekea juu au chini hujajibu.

Fomula alinikataza kwa muda. Alisema fomula nitaikariri hata nikiwa na homa, lakini kwanza mkono. Akainua wake.

"Huu wa magharibi, wa dirishani. Vidole vifuate mshale wa kwanza, uvikunje kuelekea wa pili kwa njia fupi. Dole gumba litakuambia."

Nikainua wangu wa magharibi, wa dirishani, nikakunja vidole, nikaandika daftarini. Noeline akaingia na chungu cha wali. Kesho yake Babu alipanda basi kwenda kijijini kwao kuwatoa makaburini wazee wao na kuwavisha sanda mpya, sherehe ya ukoo mzima, na alikaa huko siku kumi na mbili.

Siku hizo zote nilifanya mazoezi gereji. Meza yangu ya kazi inatazama ukuta wa kusini. Nilichukua spana, nikainua mkono wa magharibi, nikakunja vidole, dole gumba likasema nati inapanda, nati ikapanda. Likasema inashuka, ikashuka. Haikunidanganya hata mara moja, isipokuwa pedali ya kushoto, na hiyo ilikuwa haki yake. Nilikwenda kwenye mtihani wa majaribio nikiwa na kiburi cha kutosha watu wawili. Nikaketi kwenye dawati, ubao wa darasa ukiwa kaskazini, nikainua mkono wa magharibi swali baada ya swali, nikajibu bila kufuta hata mara moja. Na hayo ndiyo yaliyonipatia sifuri safi na neno kabisa.

Babu alirudi Jumatatu. Sikungoja Jumanne. Nilikwenda na karatasi, sikuvua hata ovaroli, nikakaa kusini kwangu na nikasema nataka kujua ninakosea wapi, na kama ni akili yangu ndiyo mbovu aniambie sasa, tusipotezeane wakati. Noeline alinitazama kama mtu aliyeingia na viatu msikitini. Babu aliniambia nimsomee swali moja na jibu langu.

Nikasoma. Spana imelala mezani kutoka kwenye nati kuelekea mashariki. Inasukumwa kuelekea kaskazini. Nimejibu: chini.

Babu akauliza: "Na ingekuwa gereji, spana imeelekea mashariki, umesukuma kaskazini. Nati ingefanya nini?"

"Ingepanda. Hapo unafungua, Babu. Kila mtu anajua."

"Basi gereji unajua, na darasani hujui."

Maneno hayo yaliniuma kwa sababu yalikuwa kweli. Nikamwambia mkono ndio uliosema chini, mimi nimefuata mkono. Akaniuliza niliandika nini daftarini siku ile. Nikafungua, nikamsomea: Tumia mkono wa magharibi.

 Babu alinyoosha mkono juu ya meza, akasema nimpe huo mkono niliotumia, nikiwa nimekaa hivyohivyo nilivyokaa. Nikampa wa dirishani. Aliupapasa taratibu kwa vidole vyake vikavu, kiganja, vidole vinne, mpaka akafika kwenye dole gumba. Alilishika hapo. Kisha akaanza kucheka, akacheka mpaka Noeline akatoka jikoni na mwiko mkononi.

"Huu ni wa kushoto," akasema.

Nilitazama mkono wangu kama kitu nilichoazimwa. Yeye anakaa kaskazini akitazama kusini, magharibi yake iko kulia. Mimi nakaa kusini nikitazama kaskazini, magharibi yangu iko kushoto. Gereji natazama ukuta wa kusini, na kule magharibi inarudi kuwa kulia, ndiyo maana nati zilinitii. Darasani nilitazama kaskazini. Nilikuwa nimebadilisha mkono kila nilipobadilisha kiti, na macho ya Babu hayakuweza kuniona.

Nilikasirika, sitaficha. Nilimkasirikia yeye, meza yake, dirisha lake, na mama yangu aliyenifundisha kufuta shavu la kusini. Wiki tano zilikuwa zimebaki, na nilikuwa nimepoteza mbili kujifunza kwa mkono usio sahihi. Babu aliacha kucheka. Akasema darasani, kwa miaka thelathini na moja, alikuwa akisema mkono wa kulia, na alipostaafu alirudi kuongea kama mtu wa nyumbani bila kujua.

"Alama zako sita nimekunyang'anya mimi, mjukuu wangu. Nisamehe."

Mzee wa umri ule akikuomba radhi, huna pa kuficha uso. Nikasema tuzitafute tu hizo sita, samahani haitaandikwa kwenye karatasi. Lilinitoka kwa ukali kuliko nilivyotaka. Hakujali.

"Basi zunguka. Njoo huku kwangu."

Nilidhani sikusikia vizuri. Alikuwa anapapasa benchi kando yake, upande wa kaskazini. Noeline akasema kwamba hata marehemu mumewe hakuwahi kukaa pale, miaka kumi na tisa ya ndoa.

"Mume wako hakuwa na mtihani," Babu akamjibu.

Nikazunguka meza. Nakumbuka nilikuwa nikinuka grisi na nilikaa ukingoni kabisa mwa benchi, nusu ya makalio hewani. Sasa tulitazama upande mmoja. Aliinua mkono wa kulia, nami nikauinua wangu kando ya wake, akaushika kuhakikisha, tukakunja vidole pamoja kutoka mashariki kwenda kaskazini. Madole gumba yote mawili yakaelekea dari.

Kisha akanifanya nirudi kwenye kigoda changu na kukigeuza huku na huku. Nitazame magharibi, na ubao wenye bolti niugeuze pamoja nami. Mkono wa kulia: nati inapanda. Nitazame kusini: inapanda. Mashariki: inapanda. Alisema hesabu haimjali aliyekaa wapi. Ukigeuka na kila kitu kikageuka nawe, zao la nukta ni lilelile, na zao la msalaba limebaki limesimama kwenye bolti yake. Kitu kimoja tu kinalipindua, nacho ni kubadilisha mkono.

"Wiki mbili ulikuwa pedali ya kushoto," akasema. "Hukuharibika. Ulichongwa kinyume."

Tuliyafuata hayo kwa wiki tano na sikumbuki nimewahi kufanya kazi kwa bidii kama ile, hata msimu wa mvua posiposi zote zinapovunjika pamoja. Asubuhi kulikuwa na baridi ya kugandisha maji kwenye beseni la gereji. Tovo alikuwa akipita nyuma yangu bila kutarajiwa anasema "mkono", nami nauinua, na nikiinua wa kushoto ninamlipia kahawa. Nilimlipia kahawa nne wiki ya kwanza, moja wiki ya pili, kisha hakunywa tena ya bure. Fomula nayo Babu aliniruhusu, nikaikariri kwa siku moja kama alivyosema. Siku ya mtihani alfajiri Tovo alinifunga uzi mwekundu kwenye kifundo cha mkono wa kulia, akasema huo ni wa kahawa zote alizokosa.

Mlangoni msimamizi, mama mwenye miwani ya kamba, aliutazama uzi ule kama nyoka. Akauliza una maana gani. Nikamwambia ukweli, kwamba unanionyesha mkono wa kulia. Hakuamini kwamba mtu wa umri wangu anahitaji kuonyeshwa mkono wa kulia, na mimi ningekuwa yeye nisingeamini pia. Akaukata kwa mkasi, akautupa kwenye ndoo. Aliniachia kalamu mbili, rula, na chupa ya maji iliyobanduliwa karatasi.

Dawati langu lilitazama mashariki. Magharibi ilikuwa nyuma ya kisogo. Nilijichekea kimoyomoyo, nikaanza, na saa mbili za kwanza zilikwenda vizuri. Swali la nne ndilo lilikuwa letu. Alama saba. Gurudumu la kufungulia mlango wa maji kwenye mfereji wa mpunga, limelala juu ya mhimili wima wenye nyuzi za kawaida. Mshale mmoja kutoka katikati hadi kwenye mpini, mwingine wa msukumo. Urefu umetolewa, nguvu imetolewa, pembe imetolewa, mchoro umetolewa, lakini mishale haina namba za x, y na z za kutia kwenye fomula. Kokotoa ukubwa wa mgeuko. Sema unaelekea wapi. Thibitisha jibu lako.

Ukubwa niliupata mara moja. Kisha nikainua mkono wa kulia, na hapo roho ikanipotea. Kulia nilikuwa nakujua. Nilichoanza kukitilia shaka ni kama mkono unaotakiwa kweli ni wa kulia. Nilikuwa nimewahi kuwa na uhakika wa namna hiyohiyo, asilimia mia, swali baada ya swali, nikapata sifuri. Nilitazama kifundo cha mkono, hakuna uzi. Nikainua wa kushoto chini ya dawati, nikakunja vidole, nao ukaniambia kinyume kwa utulivu uleule. Mikono miwili, majibu mawili, na saa ya ukutani ikiendelea na kazi yake. Nilihisi machozi yanakuja na nikajikasirikia hata kwa hayo. Nilijiambia kwamba kulia sitalia, na kuondoka sitaondoka, na kubahatisha sitabahatisha. Kitu fulani ndani ya chumba kile kilikuwa kinajua jibu, nami nitakipata.

Nikaiona chupa ya maji.

Niliiweka wima mbele yangu. Nikaweka kidole cha shahada kwenye ukingo wa kifuniko, upande ule ule ambao mchoro umeweka mpini, nikasukuma kule ambako mchoro unasukuma. Kifuniko kikalia tiki, kikazunguka, kikapanda. Nikasukuma kinyume, kikashuka. Kifuniko hakijui kaskazini ya mtu, hakijawahi kukaa kwa Babu Rabetsara wala kwenye gereji ya Tovo. Nikarudisha mkono wa kulia juu ya karatasi, nikakunja vidole, na dole gumba lilikwenda kule kilikokwenda kifuniko. Niliandika: juu. Nikanywa maji.

Palibaki kipengele cha mwisho, kuonyesha kwamba zao la msalaba liko mraba na mishale yote miwili. Nilikaribia kutabasamu. Spana imelala, msukumo umelala, bolti imesimama wima. Bolti ikiuliza imepata kiasi gani kutoka kwa spana, haijapata kitu. Ikiuliza kwa msukumo, haijapata kitu. Zao la nukta ni sifuri na sifuri, kwa hiyo mraba na mraba. Nikaliandika kwa lugha ya mtihani, yenye adabu, na nikakabidhi karatasi kabla kengele haijalia. Msimamizi aliniuliza kama nimeuona mkono wa kulia. Nikamwambia ulikuwa kwenye chupa, akadhani namkejeli.

Majina yalibandikwa kwenye lango baada ya wiki tatu. Tovo aliniambia nibaki nyuma, akajipenyeza kwenye umati kwa mabega yake ya mvutaji, na kwa muda mrefu niliona kisogo chake tu.  Aliporudi alifuta kiti cha posiposi yake kwa mkono wa shati, akaniashiria nipande. Mimi, niliyezitengeneza hizo posiposi miaka saba, sikuwahi kupanda hata moja kama abiria. Nilimuuliza mara tatu kama jina liko. Akashika mipini, akaishusha hadi kiunoni ili barabara ipate yote, akaanza kukimbia, na nilipomsikia anapiga kelele watu watupishe Madamu Vekta ndipo nikajua, nikalia huku nikirukaruka kwenye mashimo ya barabara ya stesheni.

Babu alikuwa mezani, chakula kimepakuliwa. Alitusikia tangu kona. Noeline alisimama mlangoni na shuka lake begani, na alipoona uso wangu akageuka haraka kwenda kuongeza sahani mbili.  Babu hakuuliza kama nimefaulu. Alinyoosha mikono yake miwili juu ya meza, viganja juu, akangoja.

"Ulitumia upi?"

Nikampa wa kulia. Aliupapasa kama siku ile, kiganja, vidole vinne, akaenda hadi kwenye dole gumba, akalishika.  Kisha akasafisha koo na kusema wali unapoa.

Nilivuta kigoda changu cha kusini, kwa mazoea. Noeline, akiwa na sahani mikononi, akakisukuma mahali pake kwa mguu na kunionyesha benchi kwa kidevu. Nikazunguka meza, nikakaa kaskazini, katikati ya benchi, makalio yote.